Mguu Uliotoka Ukutani

Shuka la tano lilitoka kwenye mashine likiwa limeloa vilevile kama lilivyoingia, ila sasa lilikuwa la moto. Dobi alilishika kwa ncha za vidole, akalinusa, akalitupa kwenye beseni juu ya yale manne yaliyotangulia.

"Saa nzima," alisema. "Saa nzima inanguruma, halafu inanipa uji."

Ilikuwa saa tatu asubuhi, na mvua ilikuwa imeingia siku ya tisa bila kupumzika. Kamba za uani zilikuwa zimelegea, hazina kazi. Katika chumba cha kufulia, ambacho zamani kilikuwa jiko, madirisha yalikuwa yanatoka jasho na ukuta ulikuwa unatoka jasho, na Dobi mwenyewe alikuwa anatoka jasho kuliko vyote viwili. Mashuka ya zahanati yalikuwa thelathini. Muuguzi mkuu, aliyeitwa Sista na kila mtu hata na mume wake, alikuwa ameyaleta jana mwenyewe kwa gari na kuyahesabu mlangoni kwa sauti.

"Hili ni jaribio," Sista alikuwa amesema. "Kesho saa nane mchana nayataka makavu, yamenyooka, yamekunjwa. Nikiridhika, kazi ya kila wiki ni yako. Nisiporidhika, sitagombana na mtu. Nitapita tu mlango wa pili."

Mlango wa pili maana yake ilikuwa dobi mwingine. Nyumba nzima ilielewa. Watoto wawili walikuwa shule ya bweni, na shule ilikuwa imeshaandika barua mbili za heshima na moja isiyo na heshima. Baba yao alikuwa nyumbani mwezi wa tano sasa. Alikuwa msaidizi wa mpimaji wa ardhi kwa miaka ishirini na moja. Daraja la mwisho lilipokamilika, mkataba wake nao ulikamilika. Mtaani walimwita Mpimaji, na alistahili jina hilo. Tangu arudi nyumbani alikuwa amepima milango yote, kitanda, umbali kutoka kiti chake hadi televisheni, na mara moja, mkewe akiwa amesinzia, mkewe.

Alitokea mlangoni na futi yake ya chuma mkononi.

"Tatizo ni nini?"

"Mashine haikaushi."

"Haikaushi kwa kiasi gani?"

Dobi alimwangalia. "Baba Watoto, chukua shuka hilo ulikamue. Maji yakijaa kikombe, huo ndio kiasi."

Mpimaji alikamua shuka. Alikuwa anaanza kutafuta kikombe mashine ilipokohoa mara mbili, ikatoa harufu ya kitu kinachotaka kuungua, ikazimika yenyewe. Wote wawili waliitazama. Dobi alichomoa waya ukutani haraka, kama anayempokonya mtoto kisu.

"Hiyo nayo ni mpya," alisema Mpimaji.

Kwenye kiti cha chini, kwenye ujia kati ya chumba cha kufulia na sebule, Bibi, mama yake Mpimaji, alikuwa anashona foronya. Ulikuwa mto wake wa sita mwaka ule. Mito ya Bibi ilikuwa laini kupita kiasi. Mpimaji alilalia mmoja na kila asubuhi aliusifu. Alisema una joto lake. Hakuna aliyewahi kumuuliza Bibi usufi aliutoa wapi. Katika nyumba ile watu waliulizana mambo makubwa tu.

"Mama," Dobi aliita bila kugeuka, "leo tena miguu wazi. Zile soksi ndefu ziko wapi? Daktari alisema uzivae kutwa."

"Zimefuliwa, mkwe wangu."

"Nani kazifua? Dobi wa nyumba hii ni mimi."

Bibi alikata uzi kwa meno na kuuliza kama mvua imepungua.

Fundi waliyempigia simu alifika baada ya nusu saa. Alivua kofia lakini hakuvua viatu, na matope yake yakaandika njia nzima kutoka mlango wa mbele. Aliinama mbele ya mashine huku akishika kiuno na kulalamika mgongo, akagonga bati mara mbili kwa kidole, akatega sikio kama daktari anayesikiliza kifua.

"Hita imekufa," alisema.

"Imekufaje na mashuka yanatoka ya moto?" Dobi aliuliza.

"Inakufa polepole, mama. Hapa inajitahidi tu."

"Sasa?"

"Sasa tunaagiza nyingine. Haipatikani hapa. Mkinipa nusu leo, Alhamisi imefika."

"Mashuka yanatakiwa leo saa nane."

"Basi hayo yasahau." Fundi alichungulia beseni, akakunja pua. "Na hivi kweli mnafanya biashara ya kufua humu? Mashuka ya wagonjwa yamekaa hivi? Watu wataingia na homa, watoke na ukurutu."

Shavu la Dobi lilicheza. Alikuwa amefua kwa mikono miaka saba kabla ya kununua mashine ile kwenye hoteli iliyofungwa, na hakuna aliyewahi kumwambia neno kama hilo. Mpimaji aliona shavu lile na akaamua kusaidia.

"Hiyo hita ina urefu gani?"

"Mzee, hita haipimwi urefu."

"Kila kitu kinapimwa urefu."

Wakati wanabishana, Dobi alipiga magoti, akapenyeza mkono nyuma ya mashine, pale bomba la hewa linapoungana na bati. Bomba lilikuwa la moto hata halishikiki. Alilegeza mkanda wake kwa bisibisi, akalivuta likachomoka, akarudisha waya ukutani, akabonyeza kitufe.

Mashine ilinguruma. Upepo wa moto uliitoka nyuma kwa kishindo, na vumbi la nguo, jeupe na jepesi, likaruka chumba kizima. Likamtua fundi kwenye nyusi na masharubu, akawa mzee wa miaka tisini kwa dakika moja.

"Hita hiyo imefufuka," alisema Dobi, akaizima. "Fundi, ulishika huku nyuma?"

"Bomba si kazi yangu," fundi alisema akitema vumbi. "Mimi ni wa mashine."

"Basi mashine ni nzima. Ahsante kwa kuja."

Fundi alidai chake cha kuja, akapewa kidogo kuliko alivyotaka na kingi kuliko alivyostahili. Alipopita kwenye ujia akishika kiuno, Bibi alimwonea huruma.

"Mwanangu, mgongo huo unataka mto. Chukua huu. Nimeumaliza sasa hivi."

Fundi aliubonyeza mto, uso ukamlainika, akaufutika ndani ya koti na kutoka akitembea kama mtu aliyelipwa vizuri.

Bomba lile lilikuwa kazi ya Mpimaji. Ukuta ulio nyuma ya mashine ulikuwa wa nje, na unene wake ulikuwa sentimita ishirini. Angeutoboa asubuhi moja akamaliza. Lakini upande wa pili wa ukuta ule palikuwa na benchi lake la kunywea chai, na hakutaka kunywa chai akipuliziwa kisogoni. Kwa hiyo alichora ramani. Bomba likapanda juu, likapita darini mwa ujia, likakata kona, likapita juu ya stoo, likakata kona nyingine, likashuka na kutokea ukuta wa nyuma, karibu na dirisha la mama yake.

"Mita sita na sentimita themanini," alisema sasa, akilitazama kwa mapenzi. "Kona nne. Hakuna hata moja iliyopinda zaidi ya inavyotakiwa."

"Ndiyo maana vumbi limehamia humo na familia yake. Nitafutie kitu kirefu."

"Kirefu kiasi gani?"

"Baba Watoto!"

"Nauliza ili nisilete kifupi."

Dobi alikuwa tayari anaangalia kona ya sebule. Pale ndani ya mfuko wa turubai ilisimama fimbo ya kupimia ardhi, mita mbili, yenye mistari myekundu na myeupe. Wenzake Mpimaji walimpa siku yake ya mwisho kazini. Alikuwa anaipangusa kila Jumapili.

"Hapana," alisema Mpimaji.

"Nafunga tu brashi ya chooni kwenye ncha."

"Ya chooni! Mke wangu, fimbo hiyo imepima daraja."

"Daraja lina watoto shuleni?"

Mpimaji alienda sebuleni, akakaa huko muda ambao mtu huutumia kumuaga mgonjwa, akarudi na fimbo. Aliifunga brashi mwenyewe, kwa kamba, fundo la kazini ambalo halifunguki. Wakakata bomba kwenye maungio, kipande kwa kipande. Yeye alipanda ngazi na Dobi akashika ngazi. Fimbo iliingia kipande cha kwanza hadi mstari mwekundu wa tatu, ikagoma.

"Sukuma."

"Nasukuma."

"Unapima. Sukuma!"

Alisukuma. Kitu kikaachia ndani, na upande wa pili kikachomoka kama soseji ya kijivu, kinene kama paja, kikadondoka sakafuni bila sauti. Ndani yake kulikuwa na vifungo vitatu, kibanio cha nywele na tiketi ya basi iliyofuliwa ikafuliwa tena. Dobi alisema neno ambalo mkwe hatakiwi kulisema mbele ya mama mkwe. Bibi, kwenye kiti chake, alikuwa ameacha kushona.

Walimaliza vipande vyote saa nne na robo. Vumbi lilijaza magunia mawili ya sukari. Lakini Dobi alipopuliza kwenye kipande cha mwisho, kile kinachoingia ukutani, pumzi ilimrudia usoni.

"Kuna kitu kwenye tundu la nje. Nenda ukaangalie."

"Huko nje?" Bibi aliuliza upesi. "Mvua yote hii? Mwanangu ana kifua."

"Ana kifua tangu lini, Mama?"

"Tangu utotoni. Niacheni niende mimi."

"Wewe na miguu hiyo? Kaa hapo."

Mpimaji alitafuta mwavuli, hakuuona. Alitafuta koti, lilikuwa uani limeloa. Kwa kuwa mke wake alishaanza kuhesabu dakika kwa sauti, alichukua kitu cha kwanza kilichokuwa karibu na mlango, akajitanda kichwani na kutoka mbio.

Hazikupita dakika mbili. Kilio kilichosikika kilikuwa cha mtu mzima aliyesahau utu uzima wake.

"Mguu! Mke wangu! Mguu!"

"Umejikwaa?"

"Si wangu! Kuna mguu unatoka ukutani!"

Dobi alitoka na bisibisi. Kweli, chini ya dirisha la Bibi, katikati ya mvua, mguu ulikuwa unaning'inia kutoka kwenye tundu la hewa. Ulikuwa wa rangi ya kahawia, umenenepa, una paja, una goti la shaka shaka, na kisigino kilichoshonwa vizuri. Mpimaji alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuwa na haja ya kujua vipimo.

Dobi alisogea. Aliubonyeza. Ukabonyea. Akaona uzi wa mpira uliofungwa kwa mafundo matatu kuzunguka tundu, na alama ya zahanati kwenye ukingo wa soksi.

"Mama," aliita, kwa sauti ya chini kabisa, ambayo ndiyo waliyoiogopa zaidi.

Dirisha la Bibi lilifunguka nusu.

"Nilikuwa nataka kuimwaga Ijumaa," Bibi alisema.

Ilibidi aeleze yote akiwa dirishani, na wao wakiwa kwenye mvua. Mwanzoni usufi ulikuwa unatoka wenyewe na kupotea uani. Mali safi, inapotea. Akaanza kuuokota kwa mkono. Kisha akafikiri, mtu mwenye akili haokoti punje moja moja, anatega gunia. Soksi zile zilimbana, na usufi ulikuwa mwingi. Mungu amsamehe, ila mito imetoka mizuri.

"Mito yote?" aliuliza Mpimaji. "Hata wangu?"

"Wako nilichagua ule mweupe tu."

"Nimelalia vumbi la suruali za watu miezi minne?"

"Suruali zilizofuliwa," Bibi alisema kwa heshima ya nyumba.

Dobi alifungua mafundo. Soksi ilipovuliwa, tundu lilitema donge moja la mwisho, likatua kwenye tope. "Mama," alisema, "vumbi hili linashika moto kuliko petroli. Ile harufu ya asubuhi ilikuwa ni sisi, tunaanza kuungua. Nyumba nzima. Na wewe dirishani hapo hapo, wa kwanza."

Bibi alifunga dirisha taratibu, na wakamsikia ndani anaitoa mito kitandani, mmoja mmoja, na kuiweka chini.

Saa tano kasoro, bomba likiwa limerudi mahali pake, Dobi aliweka mashuka matano na kubonyeza kitufe. Dakika ishirini na nane baadaye yalitoka makavu, yanapiga kelele yakikunjwa. Aliufukia uso wake ndani ya la kwanza, akakaa humo kidogo. Mpimaji aliliangalia bomba lake.

"Kona tatu zingetosha," alikiri.

Baada ya hapo hakuna aliyekaa. Mashine ilikausha, Dobi alinyoosha, Mpimaji alikunja, na kwa mara ya kwanza tangu daraja likamilike vipimo vyake vilipata kazi: mashuka yalikaa moja juu ya jingine, pembe kwa pembe, kama matofali. Bibi, miguu wazi, alitoa vumbi kwenye kichujio cha mlango wa mashine kila mzunguko na kulitia kwenye ndoo ya taka, kila mara akilitazama kwa mara ya mwisho.

Saa nane kasoro dakika tano, Dobi alihesabu. Akahesabu tena.

"Ishirini na tisa."

Mpimaji alikuwa anapangusa fimbo yake kwa bidii.

"Baba Watoto. Ulijitanda nini asubuhi?"

Alinyoosha kidole nyuma ya mlango wa stoo. Shuka la thelathini lilikuwa limetundikwa kwenye msumari. Alikuwa amelisuuza matope mwenyewe, kimyakimya, na kulikamua kwa kadiri ya nguvu zake. Lilikuwa linadondosha matone.

Nje, honi ililia.

"Liingie katikati," Bibi alinong'ona. "Kumi na nne chini, kumi na tano juu. Atajuaje?"

"Kumi na tano chini," alisema Mpimaji. "Litakandamizwa vizuri zaidi."

Dobi alifikiria barua tatu za shule. Akalikunja shuka lile, akalichomeka katikati, akafunga bunda kwa turubai na kutoka nalo kabla hajafikiria kitu kingine.

Sista hakushuka garini. Alishusha kioo kidogo tu, mvua isiingie. "Weka kwenye buti. Nina wagonjwa wawili wanalalia godoro tupu. Nitaangalia nikifika."

Hakuuliza. Hakugusa. Ilikuwa rahisi kuliko walivyopanga. Dobi aliweka bunda kwenye buti, akashika mfuniko, na hapo akawaona akilini wale wagonjwa wawili, mmoja wao akilazwa juu ya lile la katikati. Akalifungua bunda, akachomoa shuka, akalileta hadi dirishani.

"Sista, kavu ni ishirini na tisa. Hili lina maji. Nilikuwa nimeshalificha."

Kioo kilishuka chote.

"Kwa nini lina maji?"

"Mume wangu alijitanda alipokwenda kuangalia mguu."

"Mguu gani?"

"Uliotoka ukutani."

"Wa nani?"

"Wa mama mkwe. Soksi yake. Mliyompa nyinyi. Alikuwa anategea usufi."

Sista alimtazama. Akamtazama Mpimaji, aliyesimama kibarazani na fimbo ya mistari yenye brashi ya chooni. Akamtazama Bibi na miguu yake wazi. Mdomo wake ulianza kufanya kitu ambacho haukuzoea.

"Yule dobi wa mwanzo," alisema, akijikohoza, "kila nikikuta mabichi katikati ya bunda, aliniambia ni mvua. Hata kiangazi aliniambia mvua. Wewe angalau una mguu." Akawasha gari. "Jumatatu saa mbili naleta sitini. Hilo la mguu utanipa siku hiyo. Na huyo mama avae soksi."

Gari lilipokata kona, Mpimaji alisema kwamba sitini kwa matano ni mizunguko kumi na miwili, na kwa dakika ishirini na nane kila mmoja... Dobi alimwachia ahesabu. Alilitia shuka la thelathini kwenye mashine, akazunguka nyuma ya nyumba. Alitaka kuhakikisha hewa inatoka. Akaweka kiganja mbele ya tundu. Upepo wa moto ukamjaza mkono, mwingi, hauna kizuizi.

Bibi naye alikuwa amefika, na kiti chake cha chini. Alikiweka chini ya ukingo wa paa, akakaa, akanyoosha miguu yake iliyovimba mbele ya upepo ule na kufumba macho.

"Kupasha miguu tu, mkwe wangu. Hilo nalo nimekatazwa?"

"Hujakatazwa, Mama. Nionyeshe mikono."

Bibi aliinua mikono yote miwili. Ilikuwa mitupu. Dobi aliridhika, akageuka kurudi kwenye shuka lake, na alikuwa ameshashika kitasa cha mlango alipokumbuka kwamba soksi huuzwa mbili mbili.